Uzi Mwembamba wa Gitare ya Papa

Papa,

Mvua imekatika, Sifa amelala, na Mama amekwenda Nyawera kutafuta majani ya sombe ya kupika. Sasa njo nimepata nafasi. Nilitaka kukuandikia tangu tulipoondoa matanga yako, lakini kila nikikaa mutoto anaamka. Sifa ni mutoto wangu, Papa. Humujui. Alizaliwa ukiwa umeshatuacha, na amechukua paji lako la uso, lile pana. Mama anasema maskini ya Mungu, mutoto mwanamuke na paji la muzee.

Mambo yamebadilika mengi. Hata nchi. Wewe ulikufa Mukongomani, sisi sasa tuko Wazaire. Majina ya watakatifu wameyaondoa, na lile ulilonipa siku ya ubatizo limebaki kwa Mama peke yake, anaponigombeza. Kwingine kote niko Citoyenne, mwananchi, Nabintu. Ungecheka mpaka ukohoe.

Lakini nakuandikia juu ya gitare.

Ulipokufa, watu wa orkesta walikuja kuiomba, Mama akakataa mutu asiiguse. Unajua ukuta wa nyumba yetu hapa Kadutu unavyotoa maji wakati wa mvua. Akaogopa itaoza. Akaifunga katika kikwembe chake kizuri na kuipandisha jikoni, ku kichanja juu ya moto, pale anapokausha mbegu za mahindi na mutama. Kwake hakuna mahali pa heshima kupita pale. Kule kijijini kwao Miti, kitu wanachotaka kione mwaka mwingine, njo pale wanakiweka. Basi ikakaa mu moshi karibu mwaka wote wa matanga, na sisi tunapika chini yake, tunafikiri tunaitunza.

Siku tulipoishusha, Papa... ilikuwa nyeusi kama sufuria. Gundi ilikauka ikaachia, mugongo umefunguka, shingo imejikunja. Mama aliweka mukono ku kinywa. Akasema tu, "Nimemupika."

Baba mudogo alikuwa pale. Unamujua mudogo wako. Sasa ana nganda yake Nyawera, ana friji, watu wanakunywa pale na kuvunja viti. Alikuwa ameshasema mbele ya familia yote kwamba siku ya kuondoa matanga atachukua gitare aitundike ku ukuta, nyuma ya pale anapouzia pombe, ili kila mutu akiingia aseme, ile njo gitare iliyokuwa inatoka ku radio. Na yeye njo mukubwa wa nyumba sasa, ana haki. Alipoiona vile akasema, "Si munaona? Hii haitasema tena. Muniachie niiweke pahali watu wataiheshimu."

Sikumuona mutu mubaya. Macho yake yalikuwa na maji. Lakini niliona musumari, Papa, na wewe pale juu ya vichwa vya walevi, umenyamaza. Nikasema, "Baba mudogo, niachie kwanza niitengenezeshe. Kama siku ya kuondoa matanga inasema, inabaki kwa watu wa kuipiga. Kama haisemi, chukua."

Akacheka. "Na nani ataipiga? Weye, na titi mu kinywa cha mutoto?"

"Mimi," nikasema. Sijui neno lile lilitoka wapi. Ulinifundisha kidogo tu, halafu nikakua, shangazi zangu wakasema musichana hakai hivyo na kitu mapajani, ukaacha.

Kuna fundi wa mbao mumoja kule Mumosho, menuizie, anatengeneza gitare za kwaya. Nilikwenda kwake kwa miguu, Sifa ku mugongo na gitare mbele, nimeifunga na kikwembe. Njiani wanawake waliotoka shamba wakapiga kelele: "Eh maman! Umezaa mapacha! Huyu wa mbele shingo yake ndefu, papa yake ni nani?" Nikawajibu papa yake ni mutu mukubwa, na haikuwa uongo.

Fundi yule ana mikono ya pole. Alifungua mugongo wote, akakwangua gundi ya zamani, akaondoa moshi na kitambaa, polepole, kama mutu anayeosha mutoto muchanga. Akapaka gundi mupya, halafu akaizungushia mupira wa ndani wa gurudumu la velo, akaikaza mpaka nikaogopa itavunjika. Shingo aliilaza chini ya mawe. Niliporudi kuichukua, rangi yake ya asali ilikuwa imerudi. Si yote. Huku pembeni moshi ulikataa kutoka, na mimi sikumulazimisha.

Nyuzi nilikuwa nimezipata kwa mufanyabiashara mumoja wa Uvira, Muislamu, ambaye anasema uliwahi kupiga mu ndoa ya dada yake. Fundi alizifunga zote, akaniambia kwa huruma, "Papa yako alikosa nyuzi, maskini. Pale pa uzi wa nne nilikuta ameweka mwembamba. Nimerekebisha."

Nikashukuru. Nikarudi nyumbani na furaha, nikakaa mu kiwanja, nikapiga. Sauti ilitoka safi kabisa.

Mama akauliza kutoka jikoni, "Huyo nani?"

"Ni gitare ya Papa."

"Hapana. Huyo ni wa misa."

Papa, nilikasirika. Baadaye nikaona anasema kweli. Ilikuwa gitare yako, lakini aliyekuwa ndani yake ni mwingine, mutu wa adabu sana. Nikakumbuka nikiwa mudogo, unanipa nishike ncha ya uzi na wewe unakaza. Ule munene wa nne ulikuwa unautoa. "Huyu anasinziza wengine," ulikuwa unasema. Pale pake unaweka mwembamba, sawa na ule uzi wa kwanza, ili sauti ile ile iimbe juu pale wengine wanaposikia chini. Na watu wa orkesta nyingine wakija kusalimia, ulikuwa unageuza gitare uso ku ukuta. Mimi nilifikiri unaificha jua, kumbe unawaficha ule uzi! Fundi aliona shida mahali ulipoweka akili yako yote.

Nikarudi kwa mutu wa Uvira kuomba uzi wa kwanza mwingine. Nikaukaza mwenyewe, Sifa analia, mimi nasikiliza na sikio moja. Nilipopiga, Mama alitoka jikoni na unga ku mikono. Akakaa ku mulango. Mimi sikumuangalia, niliendelea kupiga.

Siku yenyewe ya matanga walijaa mu kiwanja, wa Miti wote, shangazi zangu wote. Nikapiga ule wimbo uliomutungia Mama. Mwanzo ulikwenda vizuri. Nikafika pale unaporuka, vidole vikakosa. Nikaanza tena. Vikakosa tena. Shangazi mumoja akasema kwa sauti, "Citoyenne, gitare njo inakupiga weye!" Watu wakacheka. Baba mudogo alikuwa anaangalia chini. Nikajua imekwisha, ataisimamia ile haki yake.

Nikaanza mara nyingine, sababu sikujua kufanya kitu kingine. Nilipofika pale, kabla vidole havijaanguka, sauti ikaingia. Baba mudogo, Papa. Bado anaangalia chini, anaimba ile sauti ya pili muliyoimba pamoja mukiwa watoto wa kuchunga ng'ombe. Akanibeba nayo juu ya ule muruko, akanishusha upande mwingine, na vidole vyangu vikakuta njia. Tukamaliza pamoja. Mama alikuwa amejifunika kichwa na kikwembe.

Baba mudogo akapangusa uso. Akasema, "Na musumari nilishaupiga." Halafu: "Haizuru. Nitatundika kofia."

Basi gitare iko kwangu. Siku za dimanche, watu wakitoka misa, orkesta wanaipiga kwake Nyawera mchana, mimi naipeleka na mimi nairudisha. Siku nyingine zote mimi nayo tunajifunza hapa nyumbani. Ule muruko bado unanishinda, nakuambia ukweli, lakini nimebakiza kidogo tu.

Juzi niliiweka ku mukeka nikaenda kutazama chungu. Nikarudi, nikakuta Sifa ameiegemea, anaitafuna pembeni. Meno yanamuota. Ameacha alama mbili ndogo ku mbao. Fundi alipopita akasema ataziziba, hazitaonekana. Nikamuambia aache.

Pumzika, Papa, utusalimie wote walio huko. Nakuahidi kitu kimoja: haitakuwa nzuri. Itakwaruzwa, itadondoka, tutaigombania, itapata alama nyingine ambazo wewe huzijui. Itapigwa.

Mimi mutoto wako,
Nabintu