Okinda wa Jumapili

Petro, omera, ndugu yangu,

Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba wafu wamelala. Hawasikii, hawasomi, hawana habari ya lolote mpaka parapanda ilie. Kwa hiyo ninachokifanya sasa ni upuuzi, na mchungaji akiniona atanikalisha chini anifundishe upya kama mtu anayejiandaa kubatizwa. Lakini ninyi Wakatoliki mnaongea na watu wenu waliokufa kana kwamba wamehamia tu ng'ambo ya ua. Basi leo nimeazima imani yako kwa muda wa barua hii. Nitairudisha.

Ni Jumapili. Misa yenu imekwisha, nimewaona watu wakiteremka kutoka misheni. Rebeka wangu alichemsha chai akamimina vikombe vitatu, kimoja chako, kisha akashtuka. Alikichukua akaenda kukimwaga nyuma ya nyumba. Si mara ya kwanza, na sidhani itakuwa ya mwisho.

Nikupe habari kwanza. Mhindi wako ameweka kijana mwingine dukani. Anapima mafuta ya taa huku macho yake yako barabarani, na wanawake wanamlalamikia kwamba chupa hazijai. Baiskeli yako ndugu yako aliipeleka Kisegi, nyumbani kwenu. Mvua imekuja vizuri, mahindi yamesimama. Mkeo ameanza kucheka tena kidogo, Rebeka anasema, ila bado hapendi kuketi upande wa meza uliokuwa wako. Kaburi lako sijalirudia tangu tulipokuzika. Jeneza nililitengeneza mwenyewe, hilo ulilitarajia. Waliniletea kamba yenye vipimo vyako, nikaiweka kando. Miaka yote ile uliruka mbele yangu kila Jumapili, nisikujue urefu?

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwa maana ninakuandikia nikiwa na wasiwasi. Leo mchana kuna mtu anakuja hapa uani kunionyesha Okinda.

Ndiyo, Okinda. Tulia, nitafika.

Mtu akituuliza ubishi wetu ulianza vipi, wewe ungesema nilianza mimi, nami ningesema ni wewe. Ukweli ni kwamba uliletwa na siku za juma. Ubao wa mpira wa kikapu pale misheni niliuchonga kwa mikono yangu, nguzo nilizisimamisha mimi, na mechi hata moja sijaiona, kwa sababu mechi zote ni Jumamosi na Jumamosi kwangu ni Sabato. Kanisa letu na uwanja wenu vimetenganishwa na bonde dogo tu. Tukiwa kwenye mkutano wa mchana nilisikia makelele yakipanda, nikajua kuna mtu amefunga, lakini ni nani? Nilikaza macho kwenye Biblia. Rebeka alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho, anajua mume wake yuko wapi.

Halafu Jumapili ukaja wewe. Ulitoka Misa na suruali yako ya dukani imepigwa pasi, ukanywa chai, ukasema, "Omera, amka, nikuletee mechi." Nilikuwa nimepigilia pete ya pipa kwenye ukuta wa karakana, na mpira wetu ulikuwa ule wa miguu uliochakaa. Ukanisimamisha katikati ya ua. "Simama hapo. Wewe ni ile mti ya Kisii." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuwa adui mrefu kutoka Kisii, mikono juu, nisisogee. Wewe ulikuwa wengine wote. Ulikuwa refa, ulikuwa Padri akipuliza filimbi, ulikuwa hata wasichana wanaoshangilia. Zaidi ya yote ulikuwa Okinda.

Okinda wa timu ya kwanza ya misheni, kabla ya uhuru, kabla ya viatu vya raba na uwanja wa saruji. Ulimwona mara ya kwanza kule Rongo. Ulikwenda kwa baiskeli, ukarudi usiku ukiteleza kwenye matope, ukaanguka, goti lako la kulia halikupona tena kamwe. Hukulijutia hata siku moja. Ulisema mtu akishamwona Okinda, goti ni kitu kidogo.

Naliona sasa hivi lile jambo lake kubwa. Okinda anaupokea mpira akiwa amempa adui mgongo. Anaudundisha mara moja. Kisha anatulia. Hapo ndipo utamu ulipo, pale anapotulia, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi nyumbani. Adui naye anatulia, hajui alinde wapi. Ghafla Okinda anazungukia kushoto, anainuka, mkono mmoja, mpira unaingia kwenye pete bila kugusa chuma. Ulinifanyia hivyo mara nyingi hata nikawa naota. Nilijua kabisa utazungukia kushoto, na bado sikuwahi kukuzuia.

Lakini nilikuchokoza, kwa sababu bila uchokozi chai haishuki. Alipokuja Mwita, yule kijana Mkuria kutoka ng'ambo ya Migori, nikapata silaha. Mwita nilimwona kwa macho yangu, katikati ya juma, nilipokwenda kukaza misumari ya ubao wakati vijana wanafanya mazoezi. Omera, yule mtoto anaruka! Anafika kwenye chuma, anashika, ananing'inia, na ndiyo maana ubao haukai. Nikakuambia Okinda wako angekuja leo, Mwita angemmeza na suruali yake. Wewe ukasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Ukasema mvueni Mwita raba, mpeni changarawe mchana wa jua kali, mpeni mpira ulionyonya maji ya mvua, halafu mniite. Mimi nikasema basi mpe Okinda raba naye tuone. Ukasema ukimpa Okinda raba itabidi Padri ainue paa la mbingu. Na nilipokubana kabisa ulikuwa na neno lako la mwisho, hilo halikuwa na jibu: "Wewe hukuona. Kusikia si kuona."

Haya. Wiki hii, siku ya Jumatano, waliniita tena misheni. Ubao umepasuka, Mwita huyo huyo. Vijana walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha darasa wakisubiri nimalize, na mazungumzo yao yakaingia kwenye wachezaji wa zamani. Mmoja akasema wale wazee walikuwa wakirusha mpira kutoka tumboni kwa mikono miwili, kama mwanamke anayemwaga maji ya vyombo. Mwingine akasema huyo Okinda ni hadithi, wazee wamemtunga.

Petro, hayo yalikuwa maneno yangu. Moja kwa moja yalikuwa yangu, nimekutupia usoni Jumapili ngapi. Nilipaswa kufurahi kwamba mwishowe nimepata watu wa upande wangu. Badala yake niliteremka kwenye ngazi na nyundo mkononi, nimekasirika hata masikio yanawaka. Nikawauliza nani kati yao anaweza kucheza pekupeku kwenye changarawe. Nikawaambia habari ya mpira ulionyonya maji. Nikawapa kipya kinyemi, nikawapa paa la mbingu. Sikuwa na neno langu hata moja kinywani. Walinitazama kwa heshima, unavyojua vijana wanavyomtazama mtu mzima anayepandisha sauti bila sababu.

Mwita ndiye aliyesimama. Ana adabu, lazima niseme. Akaniletea mpira kwa mikono miwili akasema, "Basi mzee, tuonyeshe vile alikuwa anafanya." Kisha akajisimamisha mbele yangu, mikono juu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mti hakuwa mimi.

Nikapandisha suruali kama ulivyokuwa ukipandisha. Nikampa mgongo. Nikadundisha mara moja, nikatulia, nikazungukia kushoto, nikarusha. Usiniulize mpira ulikwenda wapi. Uligonga chuma ukaishia kwenye kabichi za Padri, vijana wakacheka, nami nikacheka. Ndipo nikatambua kitu. Nilikuwa nimechechemea. Magoti yangu yote mawili ni mazima, Petro, na nilichechemea kwa goti la kulia.

Pale pembeni alikuwa mtu mmoja, Silvano, dereva mpya wa lori la misheni. Amerudi juzi tu kutoka Kampala. Kumbe zamani alicheza timu ile ya kwanza, bega kwa bega na Okinda. Alikuwa akicheka pia, lakini kwa mshangao. Akaniuliza, "Fundi, nani alikufundisha hiyo? Okinda hakuwa namna hiyo." Akaeleza mbele ya wote kwamba Okinda alitumia mkono wa kushoto, na alizungukia kulia, daima kulia. Na hakuwa mtu wa kutulia hata kidogo. Alikuwa haraka mno, ukipepesa macho umemkosa.

Hakutulia. Nimelibeba neno hilo tangu Jumatano kama mtu aliyebebeshwa jiwe asiambiwe alipeleke wapi. Kule kutulia ndiko nilikokupenda kuliko vyote. Hata nilipokuwa nikikubishia, moyoni nilikuwa nakubali kwamba Mwita hana kitu kama kile. Na kumbe lilikuwa goti lako tu, linajikusanya kabla ya kuruka. Na kuzungukia kushoto ni kwa sababu kulia lisingekubeba.

Silvano ni mtu mwema. Alidhani nimeona aibu. Akasema Jumamosi wazee watacheza na vijana, nije nimwone akifanya ile yenyewe. Alipokumbuka mimi ni wa kanisa gani akasema, "Basi nitakuja kwako Jumapili nikuonyeshe. Sawasawa, vile alifanya." Sikuweza kusema hapana. Utamfukuzaje mtu anayekuletea ulichokuwa ukikidai miaka yote? Kusikia si kuona, wewe mwenyewe ulisema. Leo nitaona.

Jana makelele yalipanda bondeni kama kawaida. Nilikaza macho kwenye Biblia. Lakini zamani nilikuwa nikisikia kelele zile nikajiambia, vumilia, kesho Petro atakuja. Jana zilipanda zikashuka, na hapakuwa na kesho. Niliona upweke, ndugu yangu. Nasema wazi kwa kuwa hakuna anayesoma. Niko na mke, niko na kanisa zima la watu wanaonishika mkono, na nilijiona kama nguzo iliyoachwa uwanjani baada ya kung'oa ubao.

Anabisha hodi sasa. Ngoja.

Nimerudi. Jua limeshaelekea ziwani, Silvano ameondoka.

Nilimkaribisha vizuri, usihofu. Alikunywa chai, kwenye kikombe kile chako, Rebeka alikitoa bila kuniuliza. Tulizungumza juu ya Kampala na bei ya pamba na jinsi matairi ya lori yanavyokwisha. Kisha akainuka, akavua koti, akasema haya fundi, mpira uko wapi.

Tukatoka uani. Ile pete ya pipa iko palepale ukutani. Chini yake ardhi imechimbika kidogo mahali pawili. Moja ni pale nilipokuwa nikisimama mimi, na nyingine ni pale ulipokuwa ukijizungusha. Nyasi hazijaanza kuota. Silvano alikuja na mpira, akakanyaga pale pako, akanyoosha mkono wake wa kushoto ili anionyeshe.

Nikamwambia, "Acha, ndugu yangu."

Akanitazama. Nikamwambia anisamehe kwa kumsumbua njia yote hiyo, lakini Okinda wake abaki naye. Mimi nina wangu. Akaangalia chini, akaona yale mashimo mawili, akausogeza mguu wake taratibu. Mtu mwenye akili. Alipokuwa akivaa koti aliuliza, kwa kunichangamsha tu, kati ya wale wa zamani na hawa wa leo mimi ninampa nani ushindi. Ni Okinda au ni Mwita?

Petro, lile ndilo swali letu. Tumelila kama mkate miaka yote, na mtu alikuwa akinidai jibu mbele ya pete yetu. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia Okinda sikumwona hata siku moja, na Mwita sijamwona akicheza mechi. Mchezaji ambaye nimemwona, nimemwona mmoja tu. Alikuwa karani wa duka, goti lake la kulia lilikuwa bovu, alicheza Jumapili peke yake, na mimi nilikuwa namlinda na sikumzuia hata mara moja.

Alinishika bega akaenda zake.

Basi lala, omera, au kama ninyi ndio mnaosema kweli, basi usilale. Mke wako nitamwangalia, na mwezi ujao nitakwenda Kisegi nikusafishie kaburi. Vijana wakimdharau Okinda nitateremka tena kwenye ngazi, nitagombana kwa maneno yako mpaka siku yangu. Wala sitamwuliza mtu mwingine alizungukia wapi. Imani yako ninairudisha hapa, ila kipande kidogo nimebaki nacho. Tukionana, usinisalimie kwanza. Mimi nitakwenda kusimama pale pangu, mikono juu, ile mti ya Kisii. Nipe mgongo, udundishe mara moja, utulie kadiri goti linavyotaka. Sitasogea.

Mimi wako,
Elisha