Sentensi Yake ya Kwanza

Baba watoto,

Salamu zimefika. Cherehani imepona, na binti yetu ameota jino.

Ulipopiga simu ulinikataza kumpeleka kuchanjwa, "asije akawa kama kaka yake." Daktari alishatueleza kwamba usonji wa kaka yake haukuletwa na sindano. Leo nimempeleka. Alilia kidogo, akalala.

Ukitaka kununa, ngoja kwanza. Siku ile simu ilikuwa kwenye spika, na mwanao alikuwa chini ya meza akipanga vifungo vyangu. Wewe husema haelewi kitu. Yeye ambaye hajawahi kuniita mama, sasa ana sentensi moja, anairudia kutwa, kwa sauti yako: "Asije akawa kama kaka yake."

Njoo umfundishe nyingine.

Mkeo, mama yao wote wawili