Bei Mpya Niliyoikubali

Jumanne, Ilford

Pauni nane kwa mwezi zimekuwa kumi na nne, na barua ya kampuni inayokagua rekodi za mikopo inasema ni ili wanihudumie vizuri zaidi. Huduma yenyewe ni kuniangalizia kama kuna mtu anakopa kwa jina langu. Miaka arobaini hapa sijakopa hata mara moja, na kwa sababu hiyo hiyo wananihesabu mtu asiyeaminika kukopeshwa. Sasa nalipia zaidi kuambiwa hivyo.

Pensheni haitoshi, hita naizima mapema. Nikapiga simu kujitoa.

Akapokea mwanamke mpole. Nikamjulia hali, nikaulizia wazazi wake. Mama yake anaumwa mguu, nikampa pole.

Akauliza, "Bwana, kuna lolote tulilokukosea?"

"Hasha, mwanangu! Hamjanikosea kitu."

Akashukuru, akasema basi anaandika kwamba nimeikubali bei mpya, akakata.

Binti yangu Salma alishika kichwa. "Baba, si ulipiga kujitoa?"

"Nilikuwa naelekea huko."

Mwezi ujao unanitia hofu, kusema kweli. Lakini kesho atapiga Salma. Alhamdulillahi, amezaliwa hapa, hana haya.