Koplo Kwenye Dawati la Mbele

Mbarara, Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana wetu, nikitumaini goti lako limepata nafuu na mvua imeyakumbuka maharage yenu huko Rubondo, kwenye makazi yetu ya wakimbizi. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kabla hujauliza, ndiyo, kanisani naenda. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na leo nina jambo ambalo ni lazima nilimalize. Barua hii anakuletea Godeberthe, mwenzangu wa chuo cha ualimu.

Najua tangu chuo kiliponipeleka kufanya mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya kambi ya jeshi, usingizi umekuruka. Uliniambia, “Ile fasi ya basoda haiko fasi ya mutoto wangu. Omba bakuhamishe, urudie huku.” Nami niliomba kweli, Mama. Wiki za kwanza nikisikia buti nje ya darasa chaki inanidondoka. Tangu wanajeshi walipotuvamia kule kwetu Fizi, ukatutorosha kwa kunisukuma dirishani, mimi na mabuti hatujapatana.

Lakini watoto ni watoto popote. Hawa wangu wa darasa la nne wanasimama wima kama baba zao nikiingia, halafu nikigeuka tu wanagombania kifutio. Mwalimu wao, Madamu Joanita, anakaa nyuma na kuandika makosa yangu, kisha ananiletea chai na kunisomea yote bila huruma. Asiponipitisha, narudia mwaka mzima, na ndiyo maana nilikuwa nikijitahidi hata homa ikinishika.

Sasa sikia nilivyoharibu. Somo lilikuwa kugawanya namba kubwa. Kwenye andalio la somo niliandika vizuri kabisa, kwa njia ya Uganda, namba ya kugawia ikiwa kushoto na jibu likipanda juu. Mbele ya ubao mkono ukaenda Kongo wenyewe. Nikachora mstari wa wima, namba ya kugawia nikaiweka kulia, jibu chini yake, vile vile Baba alivyonifundisha. Siku hiyo Madamu alikuwa ameitwa ofisini. Watoto wakanakili kwa utii wote, na mimi nikawapa zoezi la kufanyia nyumbani, nikitembea kwa maringo!

Kesho yake, katikati ya somo, nikasikia buti zinakuja moja kwa moja kwangu. Mlango ukajaa mwanajeshi, Koplo Nasani, amemshika mkono binti yake Molly. Nakwambia ukweli, nilikuwa tayari nimeshika komeo la dirisha. Kilichonizuia ni watoto, maana wote walikuwa wananitazama waone mwalimu atafanya nini. Nikaachia komeo, nikamkaribisha ndani.

Akavua kofia. “Mwalimu,” akasema, “hii hesabu yako imenishinda kabisa. Mutoto analia, mama yake analia, sasa mimi pia nakaribia.” Madamu Joanita nyuma akafunika mdomo kwa kitambaa. Nikamwambia koplo kosa ni langu, hiyo ni njia ya kwetu Kongo, jibu ni lile lile. Nikadhani atafoka. Akauliza kama anaweza kuonyeshwa, akajikunja kwenye dawati la mbele, magoti karibu na kidevu, nami nikafundisha njia zote mbili. Alipopata jibu darasa zima lilimpigia makofi. Mwambie Baba hesabu yake imeingia jeshini. Madamu alinigombeza kwa kutofuata andalio, halafu akasema nimeanza kuwa mwalimu. Nilifurahi mpaka chai ikapoa.

Sasa neno lenyewe. Juzi mkuu wa chuo aliniita na kuniambia nafasi imepatikana kwenye shule ya Rubondo, karibu kabisa na nyumbani, kama tulivyoomba. Mama, nimeikataa. Nimemwachia Godeberthe, ambaye mtoto wake bado mdogo na analelewa na nyanya yake huko huko Rubondo. Ndiye huyu aliyesimama mbele yako, kwa hiyo usimnunie, mpe chai. Hakuna aliyenilazimisha. Naipenda ile shule, na nimechoka kukimbia.

Nina ombi moja. Mwisho wa muhula ni siku ya wazazi, nitafundisha mbele ya watu, na Madamu amesema sisi wa mazoezi pia tulete wa kwetu. Nataka uje. Sitakuficha, langoni kuna askari wenye bunduki, wanauliza jina na kupekua mfuko. Nitakungoja nje, tuingie tumeshikana mikono. Na kama miguu yako itakataa, sitakulaumu hata kidogo. Utakaa kwa mama muuza ndizi ng'ambo ya barabara, mimi nitaingia nifundishe, kisha nitatoka nije kwako. Lakini vaa kile kitenge cha kijani, Mama, kwa sababu mimi nadhani utaingia.

Nisalimie Baba, wadogo zangu na wanakwaya wote. Mungu akupe moyo mtulivu unapoikunja barua hii.

Ni mimi mwanao,
Yvette