Uzi Uliopakwa Nta

Mjukuu wangu Kalunde,

Marahaba. Sisi hapa Mtendeni tunaendelea, ila babu yako anakohoa. Yeye ndiye anayeandika, mimi nasema tu, maana macho yamezidi kuniishia.

Unauliza kama wewe na wenzako mnaojitolea kwenye maktaba ya mtaa mng'oe nyuzi za vijarida vya zamani na kuvibana kwa stepla, vyote vifanane. Ujanani nasi tulitunza vijarida vya vijana wa huku. Rafiki yangu Nyamizi alishona vyake kwa uzi aliopaka nta ya baba yake, mrina asali wa Ipole. Akafa angali msichana.

Baba yake alikuja siku tuliyoanza kung'oa nyuzi. Hakujua kusoma. Alipapasa mgongo wa kijarida kimoja kimoja, mpaka kidole kikagusa nta. Tukamwambia akichukue.

"Mwacheni hapa na wenzake," alisema. "Nyumbani nimebaki mimi tu."

Stepla tukairudisha kabatini. Kila alipoleta asali mjini, alipita kumgusa.

Mzee naye alishatutoka. Vijarida sasa viko kwangu, na mimi pia namtafuta Nyamizi kwa kidole.

Bibi yako