Shemeji Aliacha Kutetemeka Mlimani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimekaa na jambo hili mwezi mzima. Mume wa dada yangu ni fundi saa, na mimi na yeye tumezoea kuendesha baiskeli safari ndefu, sasa mwezi uliopita tuliondoka asubuhi jua likiwaka, tumevaa fulana tu, tuvuke mlima hadi mji wa upande wa pili, na tulipofika juu ukungu ukashuka, mvua ya mawe ikatupiga, baridi ambayo sijawahi kuiona, shemeji akatetemeka hadi usukani ukawa unayumba na vidole vyake vikashindwa kubana breki, tukaanza kukokota baiskeli kwa miguu. Kisha ghafla akaacha kutetemeka. Nilifurahi, mshauri, nikadhani amepata nafuu, kumbe ndiyo mambo yanaharibika, akaketi kando ya barabara akaanza kuvua fulana, anasema anasikia joto, akaniita kwa jina la marehemu kaka yake, akaniambia nitangulie, yeye apumzike kidogo. Nilimzaba kofi, nikamwinua, nikamburuta hadi kambi ya mafundi wa barabara, na mpishi wao akamvua nguo zilizolowa, akamfunika mablanketi, akamnywesha chai kijiko kwa kijiko mpaka akanitambua.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada yako asijue." Nikaahidi.

Sasa vidole viwili vya mkono wa kulia bado vimekufa ganzi, skrubu za saa zinamponyoka mbele ya wateja, nyumbani anasema alijibana na mlango, hospitali hataki kusikia, na Jumamosi anataka kuupanda mlima uleule, peke yake nikikataa, eti asije akauogopa maisha yake yote. Jana dada alinisindikiza hadi getini, akaniuliza, "Mdogo wangu, mume wangu ana nini?" Nikasema sijui. Akafunga geti kabla sijaaga. Nikisema nampoteza rafiki, nikinyamaza naogopa kumpoteza kabisa. Nifanye nini?

Niliyebanwa katikati

Ndugu yangu uliyebanwa,

Pole, na hongera kwa lile kofi. Mtu aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka na kuanza kuvua nguo, mwili wake umeshasalimu amri. Ungemwacha apumzike, leo ungekuwa unaniandikia habari nyingine.

Lakini ujasiri wako uliuacha kambini? Kule ulimburuta bila kumwomba ruhusa. Sasa yuko dukani, mkavu, ana akili timamu, nawe unamwogopa. Na hiyo ahadi ulimpa mtu ambaye muda mfupi kabla hakujua hata wewe ni nani. Haikufungi. Dada yako naye si mtoto wa kudanganywa getini.

Kesho asubuhi nenda dukani kwake, usimpigie simu. Mwambie anakwenda hospitali nawe siku hiyohiyo, maana ganzi ya mwezi mzima si ya kusubiri, na vidole ndiyo riziki yake. Jioni amweleze mkewe kwa kinywa chake, wewe ukiwepo. Akikataa, utasema wewe, mbele yake, si kwa mlango wa nyuma. Mlima usubiri daktari aseme, na siku mtakayorudi mbebe makoti, glavu na nguo kavu. Mmoja akianza kutetemeka, wote mgeuze.

Atanuna. Pengine atakufukuza. Vuta kiti ukae, wateja waingie na kutoka, wala usinyanyuke mpaka afunge duka mwongozane hospitali.