Liacheni Kopo la Babu

Wanangu,

Nawahi kazini, hata kiatu sijafunga vizuri. Ile mimea ya majani manene dirishani imelala, haijafa. Msimu huu haitaki maji mpaka ianze kuchipua tena. Msiimwagilie hata tone.

~~Lificheni kopo la Babu.~~ Hapana, liacheni palepale.

Asubuhi nimemkuta anaimwagilia tena, mara ya tatu wiki hii. Mmoja umeshaoza shina, ukiugusa unabonyea kama ndizi iliyoiva mno. Nikamfokea baba yangu mzazi kama namfokea mtoto. Akanijibu taratibu: "Mama yako alisema nisiisahau." Bibi yenu ana mwaka wa pili kaburini, na katika yote aliyomwambia, limebaki hilo tu. Nilikosa pa kuuweka uso.

Basi, mizima nimeipandisha juu ya kabati la vyombo. Uliooza nimeuacha dirishani. Babu amerudi kulala; akiamka mjazieni kopo, aumwagilie huo, na mtu asijitie kumsahihisha.

Chai iko kwenye chupa. Vikombe havijioshi, nimechoka kusema.

Akiwauliza mmea unaendeleaje, mwambieni Bibi angefurahi.

Mama yenu